Nipe Mji: Mhusika Mwenye Kasoro na Mchezo wa Kuandikiana

Hotuba kwa vijana wanaocheza michezo ya kuigiza kwa maandishi, Tanga mjini

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu, na nyinyi wadogo zetu mliotoka Ngamiani, Chumbageni, Mikanjuni na Pongwe, pamoja na waliopanda basi alfajiri kutoka Muheza na Pangani, asalaam alaykum na habari za asubuhi.

Naanza na kitendawili, lakini leo silitaki jibu. Angalieni tu kinavyochezwa. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega. Wakishindwa anadai: "Nipeni mji!" Wanampa: nenda Pangani, nenda Lushoto. Anauchukua mji, anajisifu alivyopokewa huko, alivyokula na kunywa, ndipo anapolitoa jibu. Aliyeshindwa ametoa mji akapata jibu. Aliyeshinda amepata mji, na jibu limemtoka. Mchezo umesonga kwa sababu kuna mtu aliyekubali kushindwa mbele ya watu bila kununa.

Mhusika mwenye kasoro ni mhusika aliye tayari kutoa mji. Asiye na kasoro hana mji wa kutoa, na grupu lenye wahusika sita wa namna hiyo halimalizi wiki mbili. Watu wengi wanayatenga mambo haya mawili: kumuumba mhusika wanakuita ufundi wa uandishi, kushirikiana wanakuita adabu. Mimi nashikilia kwamba ni kazi moja. Kasoro ya mhusika wako ndio mlango ambao mwenzako anapitia kuingia kwenye hadithi yako.

Kwa wazazi waliowasindikiza vijana wao, nieleze kwa kifupi mchezo wenyewe. Watu kadhaa wanakutana kwenye grupu la WhatsApp, Telegram au Discord. Kila mmoja anavaa uhusika wa mtu mmoja wa kubuni, na hadithi inaandikwa kwa zamu, ujumbe kwa ujumbe, bila yeyote kuujua mwisho wake. Mchezo wa mezani wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda ulimwengu wa maandishi ambao watu wengi waliweza kuuingia kwa pamoja kupitia kompyuta, na Richard Bartle akauendeleza. Lakini kuvaa uhusika kwa pamoja hakukuletwa pwani hii na kompyuta. Wazee wa ngoma ya beni, makundi ya Marini kwa Arinoti, walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashona sare, wakaandamana na kushindana mitaani mwanzoni mwa karne ya 20. Na washairi wetu wamelumbana vizazi kwa vizazi kwa sharti moja kali: anayejibu hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Unaweza kumpinga mwenzako ubeti hadi ubeti, ila unasimama juu ya sakafu aliyoitandika yeye. Sharti hilo lishikeni, tutalirudia.

Sasa tumchukue mhusika mmoja tumtembeze mpaka mwisho.

Mchezo umewekwa kwenye shamba la mkonge kati ya Tanga na Muheza, mwaka 1950. Ukiweka mchezo mahali na wakati wa kweli, jifunze vitu vitatu au vinne vya mahali hapo ambavyo vinaweza kumuumiza mtu. Vya mapambo vitakuja vyenyewe. Katika mkonge wa zama zile kuna kitu kimoja kinachotosha kubeba hadithi nzima: kipande. Mfanyakazi alikuwa na kadi inayowekwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, na ujira ulitoka zilipotimia siku 30 za kazi. Mkataji alifunga majani 30 kwa mzigo, na mizigo ikahesabiwa. Kwa hiyo kati ya mkataji na fedha yake amesimama mtu mmoja mwenye kalamu. Huyo ndiye mhusika wetu. Jina lake Salehe, miaka 27, karani.

Mara nyingi mchezaji mgeni humleta Salehe hivi: "Salehe ni mtanashati, mwaminifu, hodari wa kalamu na wa ngumi, anazungumza Kiingereza kama maji, kila msichana wa kambini anamtaka. Kasoro yake ni kwamba anawajali watu kupita kiasi." Someni sentensi ya mwisho tena. Hiyo ni sifa iliyovishwa kanzu ya kasoro. Mwenzake ataishika wapi? Akimtukana, Salehe anasamehe. Akimpiga, Salehe anashinda. Akimpenda, yuko kwenye foleni. Wamarekani wana jina la mhusika wa namna hii, Mary Sue, lililotoka kwenye hadithi fupi ya dhihaka aliyoiandika Paula Smith mwaka 1973. Jina limeenea kwa sababu ugonjwa wenyewe uko kila mahali. Chanzo chake wala si majivuno. Ni hofu. Mchezaji anaogopa kwamba mhusika wake akishindwa, yeye mwenyewe ameshindwa. Mkimwona mgeni wa hivyo msimcheke. Mpeni nafasi ya kushindwa jambo dogo, aone hakuna aliyemdharau.

Tumwandike upya. Kadi ya mhusika isizidi nusu ukurasa wa daftari, maana ikizidi hapo wenzako hawataisoma. Jina, umri na kazi vinachukua mstari mmoja. Sura na mavazi, mstari mmoja tu, na uwe na kitu kimoja kinachoonekana kwa mbali: Salehe ana doa la wino kwenye kidole gumba lisilotoka. Halafu anachokitaka. Hiki kiwe kitu cha kushikika ambacho hawezi kukipata peke yake: anataka kupandishwa awe karani mkuu kabla ya mwaka kwisha, na ili apandishwe daftari lake lisiwe na malalamiko. Kisha kasoro: hawezi kukiri kosa. Akikosea anafunika, na kifuniko huwa kikubwa kuliko kosa.

Mkifika hapo msiende mbio. Kasoro bila chanzo ni kibandiko. Salehe alipokuwa na miaka 12 chemli ya shule ilivunjika. Walikuwa watoto watatu. Yeye alikiri akafukuzwa, wawili waliokana wakabaki darasani. Basi kwake uongo una hesabu inayojumlika: ukweli ulimgharimu shule. Kasoro nzuri huwa hivyo, ni somo alilojifunza vibaya mtu mwenye akili timamu. Ukimwandika mtu kuwa mwongo "kwa sababu ni mbaya tu", mwenzako hana pa kumgusa.

Baada ya chanzo andika gharama, yaani kasoro imeshamla nini kabla mchezo haujaanza. Salehe alikuwa na rafiki, Kombo. Alimsingizia kosa lake la hesabu, na Kombo hamsemeshi. Mchezaji mwingine akipenda anaweza kuja kumvaa Kombo. Mwisho kabisa andika milango, angalau mitatu, ambayo mhusika mwingine anaweza kuipitia. Mkataji aliyepunjwa siku anaweza kuja kuidai. Nyapara aliyeona daftari likifutwa anaweza kumbana Salehe amfanyie upendeleo. Mwanamke anayempenda anaweza kuamua kumfunika, akaingia naye kwenye uongo. Milango mitatu kwa watu watatu tofauti. Ukikosa mlango hata mmoja, hiyo si kasoro ya mchezo, ni siri yako na daftari lako.

Kasoro kubwa moja na ndogo moja zinatosha. Akirundikiwa tano, mhusika anakuwa mgonjwa wa kuuguzwa na grupu zima, kila onyesho watu wanamzunguka yeye analia. Hilo nalo ni ubinafsi, ingawa limejifunika unyonge.

Kuna vitu viwili ambavyo si kasoro hata kidogo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu vinaumiza watu wa kweli. Ulemavu si kasoro ya tabia. Mhusika anaweza kuwa kipofu, kiziwi, mwenye ualbino au wa kiti cha magurudumu, naye akawa mchoyo, mwoga, mwenye kiburi au mwenye huruma kama mtu yeyote. Kasoro yake itafutwe huko kwenye uchoyo na kiburi, si kwenye macho wala ngozi. La pili ni kabila. Mkoa wetu una Wasambaa, Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasegeju na wengine wengi, na kila kundi lina utani na jirani yake. Utani una wenyewe na una mahali pake. Ukimwandika mhusika kuwa mchawi au mvivu ukaegemeza jambo hilo kwenye kabila lake, hujaumba mtu, umeokota kauli ya kijiweni. Lahaja nayo ni vivyo hivyo. Kama hukukua na Kimtang'ata usikiigize ili watu wacheke. Mtajie mhusika kwao, kisha mwandike kwa Kiswahili unachokimudu.

Kadi ikiwa tayari, Salehe anaingia mchezoni. Sasa tazameni ujumbe mmoja kwa karibu. Athumani, mkata mkonge, amekuja kulipwa. Karani alisahau kumwekea alama siku moja, kipande kinasoma 29. Mchezaji wa Salehe anaandika:

"Salehe akainuka, akamsukuma Athumani, Athumani akaanguka, akaogopa, akaomba radhi, akaondoka."

Hesabuni alichonyang'anywa mwenzake. Mwili wake umeangushwa, moyo wake umetiwa hofu, ulimi wake umeombeshwa radhi, na miguu yake imemtoa nje. Mchezaji wa Athumani alisubiri zamu yake saa nzima na hana cha kuandika. Kosa hili tuliite kwa jina lake, kumwamulia mwenzako. Kwa Kiswahili lina mtego wake maalumu: kiambishi -ka-. Lugha yetu inapenda kusimulia kwa -ka-, akaja, akakaa, akanena, na kila -ka- inavuta ya pili. Kabla hujashtuka umeshamaliza onyesho peke yako. Dawa inapimika. Ujumbe mmoja usizidi -ka- tatu, na zote ziwe za mhusika wako. Kitendo kinachomfikia mwenzako kiachwe njiani kabla hakijatua: "akaunyoosha mkono kumsukuma kifuani." Kama mkono ulifika, kama Athumani aliudaka, kama alisimama kama mbuyu, hayo ataamua mwenye Athumani.

Ujumbe uleule unaweza kuandikwa hivi:

"Salehe alikitazama kipande, kidole gumba kikiwa kimefunika mstari wa mwisho. 'Alhamisi hukuja,' alisema bila kuinua macho. Kwenye daftari lililokuwa wazi mbele yake, wino wa Alhamisi ulikuwa bado unang'aa ubichi."

Chini ya maneno 35, na ndani yake mna vishikizo vitatu. Kidole kinaficha kitu, Athumani anaweza kusema "Toa kidole." Macho hayainuki, anaweza kuuliza kwa nini. Wino ni mbichi wakati Alhamisi imeshapita, na mtu yeyote aliye kwenye chumba hicho, nyapara au mfagizi, anaweza kuuona. Mchezaji wa Salehe anajua kabisa kwamba ameweka ushahidi wa kumtia mhusika wake hatiani. Ametoa mji mapema, kabla hajaulizwa.

Mwenzake anajibu:

"Athumani hakukigusa kipande. Aliweka panga chini taratibu, ncha ikielekea ukutani. 'Shikamoo karani,' alisema, ingawa alikuwa amekwisha salimia. 'Alhamisi ndiyo siku uliyoniomba maji.'"

Hapo ndipo sharti la malumbano linapofanya kazi. Athumani amesimama juu ya sakafu ya Salehe, amelichukua neno Alhamisi, halafu ameongeza tofali lake. Na angalieni salamu ya pili inavyofanya kazi ambayo tusi lisingeiweza. Sasa Salehe aitikie "marahaba" au asiitikie, na vyovyote atakavyofanya, msomaji atamwona. Lugha yetu imejaa vyombo vya kuonyesha tabia bila kuitaja: nani anaanza salamu, nani anaitwa "bwana" na nani anaitwa "wewe", nani anamsemesha mkwewe kwa kupitia mtoto. Mwanamke wa Tanga mwenye kinyongo si lazima aseme neno, mnaweza kumvalisha kanga yenye jina, yaani usemi ulioandikwa juu yake, na kumpitisha mbele ya mlango wa jirani. Vitumieni. Mchezaji anayeandika "alikasirika sana" ameacha mali nyumbani.

Jambo moja kwenye jibu la Athumani linahitaji ruhusa. Ameandika jambo lililopita la Salehe, kwamba aliomba maji. Dogo kama hilo hupita. Lakini ukitaka kumzulia mhusika wa mwenzako deni, mtoto wa nje au kesi, muulize kwanza nje ya uhusika. Kawaida iliyozoeleka ni mabano mawili: ((Naweza kusema Salehe aliniomba maji?)) Kila kinachoandikwa ndani ya mabano mawili kinasemwa na mchezaji, kilicho nje ya mabano ni cha mhusika. Kanuni hii iwe chuma. Grupu linaloichanganya linakuwa na watu wanaogombana bila kujua nani amemtukana nani.

Kosa pacha la kumwamulia mwenzako ni mhusika kujua alichokisoma mchezaji. Wewe umesoma kwamba wino ni mbichi. Mhusika wako yuko Korogwe siku hiyo. Akirudi, asimwangalie Salehe kwa shaka mpaka mtu wa ndani ya hadithi amwambie. Wengi wanafanya kosa hili kwa wema, wanataka kuwahi kumwokoa mtu. Lakini wanamnyang'anya mwenzao raha ya kuipeleka habari.

Sasa nifike kwenye kauli iliyovunja magrupu mengi kuliko matusi: "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Inasemwa baada ya mhusika kuwaibia wenzake wote, au kuukataa kila mwaliko na kukaa kona akivuta sigara wiki nzima. Mhusika hana vidole, anayebonyeza herufi ni wewe. Ulimchagulia kasoro na unaweza kumchagulia njia. Mpweke anaweza kukataa kuzungumza, lakini akaacha sigara yake na kiberiti mezani ili mtu apate sababu ya kumfuata. Mwizi anaweza kuiba kitu kimoja, na akaacha alama ya kugunduliwa. Kabla ya kutuma, jiulize jambo dogo sana: baada ya ujumbe huu, kuna angalau mtu mmoja mwenye cha kuandika? Kama hakuna, usitume kwanza. Ongeza mstari mmoja wenye swali, mlio, au kitu kilichodondoka.

Na kasoro isipone haraka. Wachezaji wenye moyo laini wanamtubisha mhusika siku ya nne, na tangu siku ya tano hana la kufanya. Salehe akianza kubadilika, akiri kwanza kosa lisilo na gharama, kwamba amemwaga chai ya mtu. Halafu aanguke tena, afunike jambo jingine. Kisha akiri kwa mtu asiye na uwezo wa kumwadhibu. Kukiri mbele ya nyapara kuje mwisho, na kuje wakati kuna kitu cha kupotea kweli. Hata akikiri, mchezaji wa Athumani halazimiki kumsamehe. Usimfuate mwenzako kwenye kisanduku binafsi, yaani ujumbe wa faragha nje ya grupu, ukimsihi asamehe. Msamaha wa mhusika wake ni mali yake.

Kuhusu mwendo wa grupu nitapita haraka, maana mengi mnayajua. Watu sita hadi wanane wanatosha kuanza. Onyesho moja liwe na wawili hadi wanne, wakizidi zamu inapotea. Kila mtu mhusika mmoja kwa mwezi wa kwanza. Ujumbe wa maneno 60 hadi 150 unasomeka vizuri kwenye simu. Discord kwa kawaida haipokei zaidi ya herufi 2,000 kwa ujumbe, na Telegram 4,096, lakini msizichukue kama lengo. Andikeni kwanza kwenye daftari la simu, kisha mnakili, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ujumbe mrefu huweza kupotea. Kwenye WhatsApp kusahihisha ujumbe kunaruhusiwa ndani ya dakika 15 tu, kwa hiyo asiyesoma kabla ya kutuma atajuta. Kadi za wahusika bandikeni juu ya grupu, na mkumbuke kwamba WhatsApp inabandika kwa muda usiozidi siku 30, baada ya hapo admini abandike upya.

Zamu isubiriwe saa 48. Zikipita kimya, admini amuulize mwenyewe kwa upole kwenye kisanduku binafsi, na zikifika 72 mhusika wake apewe sababu nyepesi ya kutoka chumbani, ameitwa, ameumwa tumbo, bila kuuawa na bila kuaibishwa. Watu wana mitihani, wana misiba, wana bando lililokwisha. Mwezi wa Ramadhani pangeni mwendo mapema, wengi wataandika baada ya tarawehe tu, na saa 48 zenu ziwe 72.

Usalama, hapo sitaki kupita haraka. Kasoro zinafungua vidonda: ulevi, kupigwa, usaliti wa ndoa, kufiwa. Kabla ya ujumbe wa kwanza wa mchezo, kila mchezaji amwandikie admini mambo ya aina mbili. Mistari, yaani mambo ambayo hayatakiwi kuonekana kabisa kwenye hadithi. Na pazia, yaani mambo yanayoweza kutokea lakini pazia linashushwa, tunakutana asubuhi yake. Utaratibu huu ulienezwa na Ron Edwards, mtunzi wa michezo wa Marekani. Hakuna anayelazimika kueleza sababu ya mstari wake, na admini anaitangaza orodha bila majina. Mchezo ukiwa unaendelea, mtu yeyote akituma herufi X peke yake, onyesho linasimama na jambo la mwisho linabadilishwa bila mjadala. Herufi hiyo imetoka kwenye kadi ya X aliyoibuni John Stavropoulos kwa michezo ya mezani, na kwenye simu inafanya kazi vilevile.

Wahusika wakigombana kwa uchungu, hisia huvuja, mchezaji wa Athumani anaamka na hasira za kweli kwa mchezaji wa Salehe. Hilo si ujinga wala udhaifu, ni kwamba mmeandika vizuri. Likomesheni mapema. Baada ya kila onyesho zito, mistari miwili ndani ya mabano: ((Tuko sawa? Nimependa ulivyoweka panga chini.)) Taja kitu mahususi alichofanya mwenzako, hapo anajua unazungumza naye yeye na si mhusika. Ugomvi wa kweli ukitokea, admini awasikilize wawili hao faragha ndani ya siku moja. Kesi isifunguliwe mbele ya grupu. Mkiiruhusu mara moja, watu wataanza kuandika kwa ajili ya mashahidi.

Mhusika wa kubuni anaweza kutishia kuua, na picha ya kioo cha simu ikamfikia mtu ambaye hajui kwamba ni mchezo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na vitisho na bughudha mtandaoni ni mambo ya kupelekwa polisi. Kwa hiyo jina la grupu liseme wazi kwamba ni mchezo wa kuigiza, jina la mhusika litangulie kila ujumbe, na picha za mazungumzo zisitoke nje bila idhini ya wote waliomo. Msitumie majina ya majirani, walimu wala viongozi waliopo kama wahusika.

Na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Grupu lenye hata mtoto mmoja halina onyesho la mahaba, si kwa pazia wala bila pazia. Mtu mzima asimwite mtoto kwenye kisanduku binafsi kwa kisingizio cha kupanga onyesho, mipango yote ifanyike grupuni. Anayeomba picha halisi ya mchezaji atolewe siku hiyohiyo. Wazazi mlio hapa, mna haki ya kumuuliza admini jina na kanuni zake. Admini anayekerwa na swali hilo, mtoeni mtoto wenu.

Limebaki la kuondoka. Mchezaji anayeacha mchezo asimfute mhusika wake akaacha mashimo. Aandike ujumbe mmoja wa kuaga, na aache kitu mikononi mwa mwenzake. Salehe akihamishwa shamba, daftari lake la zamani limfikie Kombo. Mwenye Kombo atajua afanye nini nalo.

Sasa toeni kalamu, tuna saa moja kabla ya adhuhuri. Kaeni wawili wawili, na ikiwezekana mtu usiyemjua. Kila mmoja aandike kadi ya mhusika, nusu ukurasa, lakini mstari wa milango auache wazi. Kisha mbadilishane. Milango mitatu ya mhusika wako ataiandika jirani yako, kwa kusoma kasoro na chanzo ulivyoviandika. Akiipata mitatu, anzeni onyesho lenu hapohapo, ujumbe mmoja mmoja, -ka- tatu kwa kila zamu. Akikwama kwenye wa pili, mrudishie kadi mwenyewe, na mwenye kadi arudi kwenye mstari wa chanzo aandike upya. Nitapita meza kwa meza.